Mpungate Haufi kwa Kiu

Aliyeiona Songea mwezi wa Machi kisha akairudia mwezi wa Agosti hudhani amekosea njia. Machi, milima ya Matogoro ni kijani kitupu na kila mfereji unatiririka. Agosti, nyasi zimekauka, vumbi jekundu limetanda juu ya mabati, na bustani za mbele ya nyumba zimebaki vijiti. Ndiyo sababu nilipofika kwa shangazi yangu, mtaa wa Mfaranyaki, Agosti ya mwaka juzi, macho yangu yalivutwa kwanza na baraza yake. Palikuwa na makopo 18 yamepangwa kwa kimo kama wanafunzi katika mstari wa asubuhi, na katika kila kopo mmea wa miiba, mbichi, mnono, usio na dalili yoyote ya kiu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, lakini angalia suruali yako, hao hawana adabu kwa wageni."

Tulipokwisha kula, shangazi alinieleza tatizo lake. Vipande vya mimea ile alipewa na marafiki, kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Sasa vimekuwa mali: majirani hununua vichipukizi, na fedha ile, ingawa ni kidogo, ndiyo inayonunua madaftari na kalamu za wajukuu wawili anaowalea. Lakini kila mwaka hupoteza karibu nusu ya makopo yake.

"Nieleze wewe wa magazeti," alisema. "Kiangazi kizima wananitazama hivi hivi, wala hawafi. Mvua zikianza nawatoa nje, nasema sasa wanangu mtakunywa mshibe. Ikifika Januari naokota maiti. Mwaka huu nimezika saba. Nimewakosea nini?"

Mimi si bwana shamba. Lakini swali la shangazi lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo usiku ule, nami nikalifuatilia. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea wasomaji wa ukurasa huu, pamoja na kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, ambalo nusura limgharimu mtoto jicho lake.

Tuanze na jina. Kiswahili huiita mimea hii mipungate. Vitabuni utakuta pia dungusi kakati, na vijana wa mijini husema kaktasi. Jamii hii ina aina zaidi ya 1,400, na asili yake ni bara la Amerika, tangu Kanada hadi Ajentina na Chile. Ililetwa kwetu na meli na wasafiri, kama ulivyoletwa mkonge, ambao si mpungate lakini nao asili yake ni Meksiko, na ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893.

Mpungate umeumbwa kwa ajili ya nchi ambayo mvua ni mgeni wa nadra. Majani yake yamegeuka kuwa miiba, ili jua lisipate mahali pa kunyonya maji. Kazi ya majani imechukuliwa na shina, ambalo kwa hiyo ni la kijani, na shina hilohilo ndilo ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kuvutia hewa mchana. Mpungate hufungua vyake usiku, wakati wa baridi, na mchana huvifunga. Mizizi yake aghalabu haiendi chini sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi, tayari kudaka hata manyunyu ya robo saa.

Sasa, mwenye kiumbe cha namna hiyo akimweka mvuani Songea anamfanyia nini? Mji huu, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo hushuka zaidi ya milimita 1,000. Udongo wake mwekundu hushika maji. Mizizi iliyozoea kunywa na kukauka hukaa majini juma baada ya juma, hukosa hewa, kisha huoza. Nje mmea huonekana umenenepa, na mwenyewe hufurahi. Siku moja anaugusa, nao unaanguka kama papai lililoiva kupita kiasi.

Asubuhi yake tulilipindua kopo moja lililokuwa tupu tangu Januari. Halikuwa na tundu hata moja. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe niliwazamisha." Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Shangazi alichelea wanawe wasione kiu, na machozi yakawa yake.

Laiti ningaliishia hapo. Lakini jioni ile, wajukuu wakiwa wamenizunguka, nilipata hamu ya kuwa mwalimu. Niliwaambia kwamba mimea ya miiba ni mitungi, kwamba ndani ya shina lake kuna maji yaliyofichwa. Mdogo, mwenye miaka sita, alinisikiliza kuliko wote. Kesho yake mchana alikwenda kwenye ua wa jirani, ua wa mnyaa, akavunja tawi ili ayaone maji hayo. Kilichotoka hakikuwa maji, bali utomvu mweupe kama maziwa, na tone likamrukia jichoni.

Kilio chake sijakisahau. Shangazi, ambaye maishani mwake ameyaona mengi kuliko mimi, hakuuliza aliyekosa. Alimlaza mtoto juu ya mapaja yake, akayafungua macho yake kwa vidole, akaniamuru nimimine maji safi taratibu, jagi baada ya jagi, kwa zaidi ya robo saa. Kisha tulimpeleka hospitali. Usiku ule jicho lilivimba na maumivu yakazidi, na siku mbili za kwanza mtoto aliona ukungu. Kwa dawa na uangalizi alipona. Si wote wanaopona hivyo. Utomvu wa mnyaa huunguza uso wa jicho, na asiyeoshwa mapema wala kutibiwa anaweza kupoteza nuru.

Basi, kina baba na kina mama, kabla ya kutamani mpungate wowote, jifunzeni kuutofautisha na jamaa wa mnyaa. Mnyaa, pamoja na ile mimea mikubwa yenye matawi kama kinara cha taa inayoota kwenye miamba, si mipungate. Ni ya jamii nyingine, yenye asili huku kwetu Afrika, ambayo imefanana na mipungate kwa kuwa jua ni mwalimu mmoja kila mahali. Kadhalika ule mmea wa miiba mirefu wenye vijiua vyekundu, unaopendwa mno mbele ya nyumba zetu, ni wa jamii ya mnyaa, na asili yake ni Madagaska. Wote hutoa utomvu mkali.

Usijaribu kuutambua mmea kwa kuukata. Tazama mwiba unapotokea. Katika mpungate, miiba hutoka kwenye vituo vidogo vyenye manyoya, kama vifungo vilivyoshonwa juu ya mto wa kulalia. Katika jamii ya mnyaa, vituo hivyo vya manyoya havipo, na miiba, ikiwapo, aghalabu hutoka moja kwa moja kwenye ngozi ya mmea, mara nyingi miwili miwili. Watoto nao waambieni wazi: maji ya mmea wowote wa miiba si ya kunywa wala kuchezea.

Baada ya onyo hilo, tuje kwenye furaha. Ni mipungate gani inayofaa baraza ya Songea? Ninapendekeza mitano, na mmoja wa kuuogopa kidogo.

Wa kwanza ni ule wa jamii ya Mammillaria kutoka Meksiko, mdogo kama ngumi, uliojaa vinundu. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chuchu. Huu ndio mpungate wa mwanafunzi. Haudai nafasi, huzaa vitoto pembeni mwake, na wakati wake ukifika hujivika taji la vijiua vidogo kuzunguka kichwa. Shangazi alikuwa na makopo matano ya aina hii, na ndiyo aliyoyauza zaidi.

Wa pili ni mpungate wa duara wenye miiba ya rangi ya dhahabu, asili yake katikati ya Meksiko. Wajerumani huuita kiti cha mama mkwe, utani ambao kwetu ungeitishiwa kikao cha ukoo. Hukua polepole sana, lakini ukikua ni pambo la heshima. Tena una historia ya kufikirisha. Miaka ya 1990, bwawa la Zimapán lilipojengwa, maji yalifunika makorongo ambamo mipungate hii iliota kwa wingi. Leo imejaa katika nyumba za watu duniani kote, hali porini kwao imo hatarini kutoweka.

Wa tatu ni mpungate wa Krismasi, wenye pingili bapa zinazoning'inia, usio na miiba ya kuchoma. Huu haukutoka jangwani, bali katika misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti na mawe. Kwa hiyo hupenda kivuli chepesi, na udongo wake usikauke kabisa kwa muda mrefu. Ulaya hutoa maua karibu na Krismasi kwa sababu husubiri usiku uwe mrefu na baridi iingie. Kwetu kusini mwa ikweta usiku hurefuka mwezi wa Mei na Juni, na Wabrazili wenyewe huuita ua la Mei. Baridi ya Songea ya miezi hiyo inaupendeza sana. Uweke mahali ambapo taa ya umeme haiumuliki usiku, maana mwanga huo huuhadaa usijue msimu.

Wa nne ni malkia wa usiku, mwenye mashina mapana kama mikanda. Tumba lake hufunguka jua likizama, ua jeupe kubwa kama sahani, harufu inajaza nyumba nzima, na alfajiri limekwisha sinyaa. Nimewahi kukaa macho hadi usiku wa manane pamoja na majirani tulioalikwa kulitazama ua moja tu, na hakuna aliyelalamika kukosa usingizi. Jamaa yake wa karibu ndiye mpungate uzaao tunda la dragoni, ambalo sasa wakulima kadhaa wa nchi hii wanalilima.

Wa tano ni wetu. Katika jamii yote ya mpungate, aina moja tu huota yenyewe nje ya bara la Amerika. Inapatikana katika misitu yenye unyevu ya Afrika, ikiwamo ya milima yetu ya Usambara, na pia Madagaska na Sri Lanka. Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Haina miiba, huning'inia kutoka matawi ya miti kama nyuzi za kijani, na huzaa vitunda vyeupe kama shanga za lulu. Jinsi ilivyovuka bahari wataalamu bado wanajadiliana. Wapo wasemao ndege waliibeba mbegu yake tumboni. Ukipewa kipande na mwenye nayo, kipande. Lakini usiing'oe msituni. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, unadhibiti biashara ya karibu mipungate yote inayovuka mipaka, nasi tusingoje kulazimishwa na sheria kukitunza kilicho chetu.

Na wa kuuogopa kidogo ni ule wenye vipande bapa kama masikio ya sungura, Opuntia microdasys. Huonekana hauna miiba, bali vidoa laini vya manjano. Vidoa hivyo ni mamia ya viunywele vyenye ncha kama ndoano, ambavyo huingia ngozini kwa kuguswa tu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isiwe nao. Vikikupata, usisugue. Bandika plasta ya kunata, kisha ivute.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kopo au chungu, utoboe matundu matano au sita chini. Changanya udongo kopo moja na mchanga mnene wa mtoni makopo mawili, uongeze mkaa uliopondwa na changarawe kidogo. Mchanga wa pwani usiutumie, kwa sababu ya chumvi. Ukikata kipande cha kupanda, kiache kivulini juma zima hadi kidonda kikauke, ndipo ukipande, na usikimwagilie kwa siku kadhaa. Kushika mmea wa miiba hakuhitaji glavu. Gazeti hili, ukishalisoma, likunje liwe mkanda mnene, uuzungushe kwenye mmea na kuuinua. Mhariri wangu atakubali, madhali ulilisoma kwanza.

Mvua za kwanza zikianza kunguruma, ingiza makopo yote chini ya upenu, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na mvua. Hapo mwagilia tu pale udongo unapokauka hadi chini. Chomeka kijiti, kikitoka na unyevu, ngoja. Mei, mvua zikikoma, yatoe nje, lakini taratibu, kwanza jua la asubuhi tu, maana mpungate uliokaa kivulini huungua kama mtu. Juni na Julai, wakati wa baridi, mara moja kwa mwezi yatosha. Agosti hadi Oktoba, kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Ule wa Krismasi na ule wetu wa msituni ni tofauti. Hiyo iangalie kila juma. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye vituo vya miiba, viondoe kwa kijiti kilichofungwa pamba iliyochovywa katika spiriti.

Jambo la mwisho si la baraza tena, bali la jirani na nchi. Vipande usivyovihitaji usivitupe porini wala mtoni. Mpungate uotao haraka hugeuka adui. Katika miaka ya 1920 huko Australia, mpungate wa jamii ya Opuntia ulikuwa umeteka ardhi ya hekta zipatazo milioni 24, hata nondo kutoka Ajentina akaletwa kuula. Na karibu na sisi, Laikipia nchini Kenya, wafugaji wamepoteza malisho kwa ajili yake, na mifugo inayokula matunda yake huumizwa vinywa na matumbo kwa miiba. Kipande kimoja kilichoanguka ardhini huota mizizi. Kwa hiyo vianike juu ya bati hadi vife kabisa, kisha vichome. Songea ndiko unakoanzia mto Ruvuma. Kitakachotupwa hapa kina njia ndefu ya kusafiri.

Nilirudi Mfaranyaki Mei ya mwaka jana. Sikuthubutu kuuliza, nikahesabu kwa macho. Makopo yalikuwa 23. Shangazi aliniambia kwamba katika msimu wote wa mvua alizika mmoja tu, na huyo alimsahau nyuma ya nyumba. Chini ya upenu, mpungate wa Krismasi ulikuwa umefungua maua yake mekundu, Krismasi ikiwa imepita miezi mitano.

Yule mdogo, sasa miaka saba, alinishika mkono akanipitisha kopo hadi kopo. Kwenye kila mmea alinionyesha vituo vya manyoya, akisema, "Huyu wetu. Huyu wetu." Tulipofika kwenye ua wa jirani alisimama mbali, hatua tatu kamili, akaweka mikono yake nyuma.

"Huyu si wetu, mjomba," alisema. "Huyu tunamsalimia tu."

Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa upande wa khanga. Kisha alichukua jagi la maji, akachomeka kijiti katika kopo la kwanza, akakitazama, akalirudisha jagi mahali pake.

"Bado," alisema. "Wangoje."